Jimbo la Georgia lilipanukaje hadi kufikia mipaka yake?

Msomaji wa Ramani:
Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa nikilinganisha ramani za Georgia, kusini mwa Marekani. Katika zile za karne ya 18, walowezi wamekaa kwenye ukanda mwembamba kando ya bahari na Mto Savannah. Katika zile za miaka ya 1830, jimbo limefika milimani kaskazini, na sehemu kubwa ya ardhi imekatwa vipande vya mraba kama karatasi ya hesabu. Vitabu nilivyo navyo vinasema tu kwamba watu waliongezeka wakasogea magharibi. Maelezo hayo hayaniridhishi. Ardhi hiyo ilipatikana kwa njia gani, na ni nani aliyeigawa?

Mwalimu Mstaafu:
Una haki ya kutoridhika. Mwingereza James Oglethorpe alipoanzisha koloni la Georgia kwa kujenga mji wa Savannah mwaka 1733, alifanya hivyo kwa ridhaa ya Tomochichi, kiongozi wa Wayamacraw, wenyeji wa hapo, na wadhamini wa koloni walipiga marufuku utumwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1751, mashamba ya mpunga yakaenea pwani, na njaa ya ardhi ikaanza.

Baada ya uhuru, mwaka 1795, wabunge waliohongwa waliyauzia makampuni mamilioni ya ekari za magharibi kwa bei ya kutupa. Wananchi walighadhabika mno hata bunge lililofuata likaifuta sheria ile na kuichoma moto hadharani. Mwaka 1802 Georgia iliikabidhi serikali kuu ardhi ambayo leo ni sehemu kubwa ya Alabama na Mississippi, kwa dola 1,250,000 pamoja na ahadi kwamba serikali hiyo itaziondoa haki za wenyeji katika ardhi iliyobaki ndani ya jimbo. Kwangu mimi, ahadi hiyo ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata.

Mtunza Nyaraka:
Niongeze kuhusu vile vipande vya mraba, kwa maana ndivyo vinavyojibu swali la ugawaji. Ni alama za bahati nasibu. Kati ya mwaka 1805 na 1833 jimbo liligawa ardhi ya Wacreek na Wacherokee, mataifa mawili ya wenyeji, kwa kura, mara nane. Wapima ardhi walitangulia kuikata. Kisha, huko Milledgeville, mji mkuu wa wakati huo, karatasi zenye majina ya raia ziliwekwa katika chombo kimoja na zenye namba za viwanja katika kingine, zikachomolewa mbilimbili. Mwaka 1805 mwanamume Mzungu asiye na mke alipata nafasi moja na mwenye familia mbili, na kiwanja cha kawaida kilikuwa na ekari 202.5. Mwaka 1832, baada ya dhahabu kugunduliwa kaskazini, viwanja vya eneo la machimbo vilipunguzwa hadi ekari 40.

Msomaji wa Ramani:
Nashukuru sana. Je, wenyeji walikuwa wameshahama kura zilipopigwa?

Mwalimu Mstaafu:
Wacherokee hawakuwa wamehama, na hilo linaniumiza kila ninapolifundisha. Walikuwa na katiba yao tangu 1827 na gazeti lao tangu 1828, na mwaka 1832 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi yao. Kura zikapigwa mwaka huohuo. John Ross, chifu mkuu, aliporudi nyumbani kutoka Washington mwaka 1835, aliikuta nyumba yake mikononi mwa mtu aliyeishinda katika bahati nasibu. Mkataba wa New Echota, uliotiwa saini na kikundi kidogo bila idhini ya taifa lao, ulikuja mwishoni mwa mwaka huo, miaka mitatu baada ya ardhi kugawiwa. Mwaka 1838 askari waliwakusanya Wacherokee na kuwapeleka magharibi, maelfu walifariki.

Mtunza Nyaraka:
Tusiwasahau waliolima ardhi hiyo. Mashine ya kuchambulia pamba, aliyoibuni Eli Whitney karibu na Savannah mwaka 1793, iliifanya pamba ya bara kuwa na faida, kwa hiyo kila eneo jipya lililofaa kwa zao hilo lilijazwa watumwa. Sensa ya mwaka 1790 iliwahesabu 29,264 katika Georgia nzima. Ile ya mwaka 1860 iliwahesabu 462,198.