Naomba ushauri: makaburi ya kale yanaliwa na maji ya bwawa

Wakuu, heshima kwenu. Ukingoni mwa bwawa la umeme kuna makaburi ya wazee wetu. Maji hupandishwa na kushushwa kufuata mahitaji ya mitambo, na kila yakishuka udongo unameguka. Sasa vigae vya vyungu na hata mifupa vinaonekana, na wapita njia wanaokota. Bora yangezama moja kwa moja. Huku kulowa na kukauka ndiko kunakomaliza.

Mahekalu ya kale ya Abu Simbel, Misri, yalikatwa vipande yakahamishiwa juu ili yasizamishwe na maji ya bwawa, 1964 hadi 1968. Sisi fedha hizo hatuna.

Tuanzie kwa mwenye bwawa au idara ya mambo ya kale? Kupanga mawe ukingoni kunasaidia, au kunasogeza tu mmomonyoko? Na mifupa iliyokwishatoka, tuizike upya kabla mwanaakiolojia hajaiona?