Nimepigwa tochi 78, lori lililonipita likaachwa

Gari Kuukuu
Wakuu, jana nimepigwa tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, kwenye eneo la 50. Trafiki akanigeuzia kioo: 78. Sasa kigari changu kikikaribia 70 usukani unatetemeka na redio huisikii tena, na jana nilikuwa namsikia mtangazaji neno kwa neno. Muda mfupi kabla sijasimamishwa, lori tupu lilinipita mbio, bodi inagonga ko-ko-ko. Lenyewe likaenda zake. Nimekataa kosa. Nikaseme nini mahakamani? Kuna jamaa kaniambia niseme tochi ilinipiga kwa pembeni.

Mzee wa Gereji
Hilo la pembeni achana nalo kabisa! Rada iliyosimama ikikupima kwa pembe inasoma pungufu. Ukiwa 60 kwa pembe ya nyuzi 20, itaonyesha kama 56. Utakuwa umejikaanga kwa mafuta yako.
Kesi yako ni lori. Mwali wa rada unatanuka kadiri unavyokwenda. Ukiwa wa nyuzi 12, kwenye mita 300 una upana wa mita 60 na ushee. Humo mlikuwamo wote wawili, na bati lote lile la lori linarudisha mawimbi kuliko kigari chako. Kifaa kinatoa namba, hakisemi namba ni ya nani. Muulize trafiki alikuwa umbali gani, na alijuaje 78 ni yako. Akishajibu, nyamaza.

Lipa Ulale
Lipa tu mkuu, utapoteza siku nzima.

Dada Breki
Kwanza ujue ni rada au leza. Leza kwa mita 300 mwali wake una upana wa kama mita moja, kwa hiyo hoja ya lori inakosa nguvu. Kama ni rada, omba kwa maandishi rekodi za ukaguzi wake. Rada nyingi huja na uma wa chuma: unagongwa, unashikwa mbele ya kifaa ukitetemeka, nacho lazima kisome namba iliyoandikwa kwenye uma. Uliza kama siku ile ukaguzi huo ulifanyika, na nani aliandika.

Gari Kuukuu
Nimetoa karatasi mfukoni. Ni rada. Sehemu ya umbali haikujazwa.

Mzee wa Gereji
Toa nakala leo hii, kabla hiyo suruali haijafuliwa.