Wasasi, mnabeba nini cha kuzuia damu mkiingia maweni?

Msasi wa Muyuni:

Asalaam aleikum jamani. Mimi mkulima wa Muyuni, Unguja, nna mihogo na viazi vitamu huko maweni, na kila mwenye konde upande huu anajua balaa letu: nguruwe. Ukilala nyumbani siku mbili, ya tatu unakuta mashimo matupu. Kwa hiyo Jumapili huwa tunatoka kuwasaka, watu kumi au kumi na mbili, mbwa, nyavu, mikuki, na mzee mmoja mwenye bunduki ya kibali.

Wiki tatu nyuma dume moja lilipasua wavu likamchana mwenzetu paja, upande wa ndani, shibiri moja juu ya goti. Nilikuwa nadhani jino la nguruwe linatoboa. Kumbe linachana, kama kisu cha fundi viatu. Na ile damu haikuchuruzika, iliruka kwa mapigo. Mmoja kakimbilia kutafuta majivu, wa pili anauliza nani ana kahawa, wa tatu kamfunga kamba ya wavu akakaza mpaka ikazama nyamani, damu bado inakuja. Mimi nikavua kikoi, nikakikunja, nikakibandika pale na kupiga goti juu yake kwa uzito wangu wote. Ndipo ilipopungua. Tulimbeba kwenye wavu ule ule, nusu saa ya kurukaruka mawe mpaka barabarani, mimi natembea kiubavu kama kaa, mkono haubanduki pajani. Kashonwa, alhamdulillahi, anatembea na bakora.

Mtoto wa dada yangu yuko Marekani. Nilipomhadithia akanambia huko anakofanya kazi watu wanakwenda kulenga shabaha kwa kujifurahisha tu, makaratasi na makopo, na wenye akili zao hawaendi bila kipochi cha kuzuia damu. Si plasta, ni mkanda wa kubana na gozi (vile vitambaa vyepesi vya vidonda) za kutosha. Nikajiona mjinga. Sisi tunaingia na mikuki, bunduki na mbwa, mfukoni tuna tumbaku.

Nibebe nini hasa, cha kuning'inia kiunoni kisinikwaze kwenye miiba? Na sokoni Darajani, mjini, vinapatikana?

Mtu wa Wete:

Beba miguu ya kukimbilia, yakhe. Mengine majaaliwa 😀

Nesi wa Zamu:

Mtu wa Wete acha mzaha, mtu kanusurika.

Kaka msasi, mimi nesi, na goti lako ndilo lililomuokoa mwenzio. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu inaweza kummaliza mtu kwa dakika chache, kabla hamjatoka hata kondeni. Ndiyo maana kipochi kinakaa kiunoni. Kikibaki garini hakina faida.

Kamba ilishindwa kwa kuwa ni nyembamba: inakata ngozi, haibani mshipa uliomo ndani. Kinachotakiwa ni kitu kipana, kuanzia sentimita 4. Huo mkanda aliokwambia mpwa wako una kijiti chake. Unauvisha juu ya jeraha, sentimita 5 mpaka 7 kuelekea kiunoni, si kwenye kiungo chenyewe cha goti wala kiwiko. Unauvuta, kisha unazungusha kijiti mpaka damu isimame. Nimesema isimame, si ipungue. Atapiga kelele, pengine atakutukana mpaka bibi yako, usimwonee huruma. Andika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso. Na asitokee mjuaji njiani akalegeza "mguu upumue". Atalegeza daktari. Masaa mawili mguu kwa kawaida unahimili, na kwa gari kutoka Muyuni mpaka mjini huyamalizi.

Kinena na kwapa havifungiki kwa mkanda, hapo ndipo kazi ya gozi. Mmemwona fundi anavyokalafati jahazi? Anashindilia pamba ufani kidogo kidogo mpaka ufa ushibe. Fanya vivyo hivyo: kidole kinafuata damu inakotokea, gozi linaingia nyuma ya kidole mpaka shimo lijae, kisha mikono miwili juu, kandamiza dakika 10 kamili, kwa kutazama saa. Usifunue kuchungulia. Lakini kifua na tumbo usivishindilie kitu. Na mkuki ukibaki mwilini usiuchomoe. Uzungushie nguo usitikisike, mwende nao hivyo hivyo spitali.

Gozi za roli, bendeji pana ya kuvutika, glavu na mkasi wa kukatia suruali utapata Darajani. Mkanda wa kijiti mwambie mpwa wako akuletee, ila asinunue wa bei ya kutupa mtandaoni. Kuna za kuigiza, kijiti kinakatika mkononi.

Majivu na kahawa waachieni jikoni. Mwenye kuvisafisha kidondani ni sisi, na mgonjwa analia.

Askari Mstaafu:

Wanangu, nimepita JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi. Tulipokuwa tukienda kulenga shabaha, risasi ya kwanza haikupigwa mpaka mganga awe kasimama na mkoba wake, na gari imeshageuzwa kichwa kuelekea njiani. Kijana nilikuwa naona ni ushamba.

Bi nesi kamaliza ya kwake, mimi naongeza ya bunduki. Mtu akianguka, jambo la mwanzo ni mzee wenu aitoe risasi bunduki yake na kuilaza chini. Nimeona watu wanakimbilia majeruhi na silaha imejaa, mdomo unawatazama wenzao. Pili, tundu la risasi linadanganya. Mbele dogo kama punje ya mtama, nyuma ngumi inapita. Mgeuzeni, mtazameni mgongo na makwapa. Marisau ya gobori ndiyo balaa zaidi, yanatawanyika.

Halafu kipochi kikae mahali pamoja, nyote mpajue. Siku utakayoumia wewe mwenye kipochi, nani atajua kiko wapi?

Msasi wa Muyuni:

Mzee shikamoo, hilo la mwisho limenikaa. Dada nesi, na mbwa je? Wakichanganyikiwa kwenye wavu wanang'ata hata wenye wao.

Nesi wa Zamu:

Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu spitali siku ile ile kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na uwaulize ya pepopunda. Usingoje kuona kama mbwa ataugua au la. Twahara ya mbwa, ile ya kuosha kwa udongo, muulize shekhe wako, lakini usiupake kwenye kidonda kilicho wazi. Na mtu akigongwa na nyoka, huo mkanda usiutoe kabisa kipochini. Huo ni wa damu, si wa sumu.

Msasi wa Muyuni:

Nimerudi. Gozi roli sita, bendeji mbili, glavu, mkasi, vyote vimeingia kwenye mfuko wa zamani wa redio. Mkanda mpwa kaahidi kumpa mtu anayekuja mwezi ujao.

Jana usiku nikasema nifanye mazoezi, nijifunge mwenyewe paja kwa mkono mmoja: kanga ya mke wangu nimeikunja upana wa vidole vitatu, kijiti nimetumia mwiko wa pilau. Mzunguko wa tatu mwiko ukavunjika paa! Mke wangu hajasema kitu mpaka sasa, na hiyo ndiyo inayonitisha.

Mtu wa Wete:

Nakuchongea kijiti cha mkarafuu, hakivunjiki hicho. Nitakitia kwenye boti ya Jumamosi. Mwiko jitegemee.