Paini inakauka majani kuanzia chini, ni ugonjwa gani?

mkazi_langata: Wadau saidieni, paini yangu ya uani hapa Lang'ata majani yanageuka kahawia toka matawi ya chini, ncha imekauka lakini huku karibu na tawi bado kijani, na ukiangalia vizuri kuna vipete vyekundu vimezunguka jani. Ni kiu ama ugonjwa?

babu_miche: Pole sana. Hiyo rangi nyekundu ni dothistroma, kuvu ya majani. Tafuta vidoti vyeusi vimepasua ngozi ya jani. Ndiyo ilishambulia paini za radiata hapa Kenya miaka ya 1960 mpaka tukahamia paini aina ya patula. Matone ya mvua ndiyo huieneza, kwa hivyo kata matawi ya chini wakati wa kiangazi, okota majani yaliyoanguka uyafukie mbali, halafu pata dawa ya kuvu yenye kopa (madini ya shaba) agroveti upige majani mapya yakichomoza, ukifuata kipimo cha pakiti. Yaliyokauka hayarudi kijani, unakinga mapya tu.

wanja_bustani: Kama ni saipresi tafuta vidukari kwanza, kopa haiui wadudu.

mkazi_langata: Ni paini, na vidoti nimeviona. Asanteni sana, kesho napitia agroveti.

babu_miche: Vaa glavu na maski.