Diski ya nje au klaudi? Nataka kutunza picha na mafaili

mtoto_wa_ilala: Wakuu habari za leo, simu imejaa na laptopu imejaa, mwisho wa mwezi nataka ninunue kitu cha kutunzia mafaili. Nichukue diski ya nje, SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) au nilipie Google kila mwezi nitunze klaudi, yaani mtandaoni? Naombeni ushauri.

fundi_kompyuta: Mafaili GB ngapi mkuu? Bajeti je? Una waifai au unaishi kwa bando? Bila hayo tutabahatisha tu.

MamaWawili: Google mapema. Simu yangu ilikwapuliwa kituoni, nikaingia na akaunti kwenye simu nyingine, picha za wanangu zote hizo hapo. Tena 15GB ni bure.

fundi_kompyuta: Dada hiyo 15 inagawanywa na Gmail na Photos, na siku hizi bakapu ya WhatsApp nayo inakula humohumo. Picha za bure bila kikomo ziliisha Juni 2021. Mimi nasema diski ile ya kuzunguka, TB 1, bei rahisi kuliko SSD, usiidondoshe tu.

kijana_wa_pwani: Anayenunua vya kutembezwa barabarani asome hapa. Mwaka jana nimeuziwa flashi imeandikwa 2TB, kompyuta nayo inasoma 2TB, nikahamishia video zote za harusi ya dada yangu na picha za marehemu babu, majina ya mafaili yanaonekana vizuri kabisa, kufungua video inagoma, picha nusu yake kijivu. Kumbe ndani kuna 32GB tu wameichezea idanganye, ikijaa inaandika juu ya vya mwanzo. Muuzaji simu haipokei mpaka leo. Pimeni kwa programu ya H2testw kabla hamjaweka kitu.

SSD_tu: Ndiyo maana nasema SSD dukani yenye risiti. Haraka, na ikianguka si rahisi kuharibika kama ile ya kuzunguka.

fundi_kompyuta: SSD ukiifungia kabatini miaka bila umeme data zinaweza kupotea, usimdanganye mwenzio.

SSD_tu: Miaka mingapi? Nani anaacha miaka?

MamaWawili: Watu wengi tu kaka, picha za harusi nani anafungua kila wiki?

mtoto_wa_ilala: Samahanini wakuu, ni kama GB 300, picha za familia na kazi za chuo, bando. Laptopu yenyewe ni ya ofisi.

kijana_wa_pwani: Ya OFISI? Mkuu toa vitu vyako humo leo leo, siku mkataba ukiisha IT wanaifuta yote.

SSD_tu: Na huko ofisini hata USB si wengine wanazifunga? Jaribu kwanza kama inasoma flashi.