Ushauri: niuze dekoda za ukumbi wangu wa mpira nihamie intaneti?

Mlango_Katuba
Jambo sana wote. Niko Lubumbashi, Katuba, nina ukumbi wa kuonyesha mpira: televisheni mbili, dekoda mbili, mabenchi ya mbao, na jenereta kwa ajili ya siku SNEL wakikata umeme. Abonema, yaani malipo ya dekoda ya kila mwezi, zinanikaba. Mechi nazo hazitulii, msimu huu ziko kwenye buke hii (kifurushi cha chaneli), msimu ujao unaambiwa upande buke ya juu. Na wateja wanapungua. Vijana wanakaa kwenye ukuta wangu, nje, watatu simu moja, wanatazama mechi ileile ninayoionyesha ndani.

Nasikia dunia nzima watu wanaacha antena, mpira unahamia intaneti. Swali langu ni moja: niuze dekoda nihamie huko, au nibaki? Naomba majibu kabla ya Jumamosi. Usingizi umepungua kwa ajili ya jambo hili.

Cheminot_Damu
Bila shaka ukuta mzima umejaa picha za Mazembe, halafu unauliza wateja wamekwenda wapi? Weka benchi moja la sisi Lupopo, wapinzani wao wa hapahapa mjini, utaona watakavyorudi.

Kunguru_Kamalondo
Lupopo mtaonyeshwa mkifanya nini? Sisi Mazembe 2010 tulicheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu kule Abu Dhabi. Internacional ya Brazil tuliipiga 2-0 nusu fainali, kipa wetu Kidiaba akiruka kwa makalio uwanjani. Miye niliitazama kwa jirani mwenye televisheni moja. Watoto walipanda dirishani, mama mmoja aliacha chungu cha bukari (ugali) motoni kikaungua na hakuna aliyemgombeza. Fainali Inter ya Italia walitufunga 3-0, lakini hata hiyo tuliibeba pamoja. Yaya, kaka yangu, usifunge ukumbi. Kwa simu ya mtu mmoja ile siku ingekuwa nini?

Mlango_Katuba
Sijasema nafunga. Nauliza njia ya kuonyesha.

Dada_Texas
Kaka, mimi niko Texas, ngoja nikuambie ya huku. Watu walikata kebo kwa sababu ya bei, walikuwa wanalipia mkururo wa chaneli wasizozitazama ili wapate michezo. Wakadhani intaneti itawapunguzia mzigo. Sasa hesabu mwenyewe. Mechi za NFL, mpira wa Kimarekani, za Alhamisi ziko Amazon tangu 2022. Za Jumapili za timu zilizo nje ya eneo lako ziko YouTube tangu 2023. Krismasi ya 2024 zilikuwa Netflix. MLS yote, ligi ya soka ya huku, pamoja na Messi, imekwenda Apple tangu 2023, mkataba wa awali ulikuwa wa miaka 10, dola bilioni 2.5. NBA kuanzia msimu wa 2025-26 imegawanywa kati ya Disney, NBC na Amazon kwa miaka 11. Januari 2024 mechi ya mtoano ya Chiefs na Dolphins iliwekwa Peacock peke yake, huduma ya intaneti ya NBC, isipokuwa kwa wakazi wa miji ya timu hizo mbili. Shabiki anayetaka kila kitu analipa milango mingi kuliko zamani.

Na usifikiri ukubwa wa kampuni unamaliza tatizo. Novemba 2024 Tyson na Jake Paul walipigana ngumi hapa Arlington, Netflix wakaonyesha. Nyumba milioni 60 zilitazama, na malalamiko ya picha kuganda yalijaa kila mahali usiku uleule.

Papa_Likasi
Wanangu, mnajadili mitambo. Hakuna anayeuliza hao vijana watatu ukutani walitakiwa kuwa wapi. Mpira umegeuka kamari. Mtoto hajui jina la kocha lakini anajua timu gani itapata kona ngapi. Wewe mwenye ukumbi, intaneti au antena, una wajibu gani kwao?

Mlango_Katuba
Papa, nakuheshimu. Watoto wa shule siwaingizi mechi za usiku, jirani zangu wanajua. Nirudi kwenye swali.

Fundi_Antena
Swali lako halijakamilika, ndiyo maana majibu yanakwenda kila upande. Intaneti ni bomba, mechi ni maji. Ukinunua bomba hujanunua maji. Starlink walipata leseni Congo Mei 2025, kwa hiyo unaweza kuwa na bomba zuri Katuba. Maji utayatoa wapi? Haki za mechi zinauzwa nchi kwa nchi. Abonema iliyolipwa London haifunguki Lubumbashi mpaka udanganye mahali ulipo, na wanazidi kuwa wakali. Tena abonema ya nyumbani, ya antena au ya intaneti, hairuhusu kuwatoza watu kiingilio.

Halafu mega, yaani data. Picha nzuri inakula mpaka giga 3 kwa saa. Ukiwa na televisheni mbili zenye mechi tofauti, jioni moja ya saa mbili ni giga 12. Kwa forfait za simu, vile vifurushi vya data, utalia.

Sasa niambie: nani anakuuzia nini?

Mlango_Katuba
Kuna mtu aliletwa na rafiki. Ana kisanduku kidogo cheusi, unakichomeka kwenye televisheni, chaneli zote za dunia ziko ndani. Uingereza, Hispania, Ligi ya Mabingwa, NBA, kila kitu. Unalipa mara moja kwa mwaka. Pamoja na vifaa vya intaneti vya mitumba ni dola 450. Abonema zangu mbili kwa mwaka zinapita hapo. Alinionyesha kwa macho yangu, picha safi kabisa.

Fundi_Antena
Alikuonyesha siku gani, saa ngapi?

Mlango_Katuba
Jumatano asubuhi. Mechi ya Arsenal.

Fundi_Antena
Jumatano asubuhi Arsenal hawachezi. Ulitazama marudio. Saa ile hakuna mtu anayegombania kile kisanduku. Mwambie aje Jumapili jioni, mechi kubwa, dakika ya 80.

Mkaaji_Lyon
Hizo ni IPTV, televisheni za kupitia intaneti, za wizi. Huku Ufaransa zimejaa, na nawaelewa watu kwa nini wanazifuata, kwa sababu wenye ligi wenyewe waliwachosha. Canal+ ilikuwa na Ligue 1, ligi kuu ya huku, miaka na miaka. Ikaja Mediapro 2020, iliahidi zaidi ya euro milioni 800 kwa msimu, ikaanguka kabla ya mwaka kuisha. Amazon wakachukua 2021. DAZN, huduma ya michezo ya intaneti, wakaingia 2024, mwezi ulikuwa euro 30 kwa anayejifunga mwaka mzima, wakaondoka baada ya msimu mmoja. Agosti 2025 ligi ikafungua huduma yake, Ligue 1+, euro 14.99. Shabiki wa Lyon aliyetaka kufuata timu yake alibadilisha mlango karibu kila alipozoea ule wa zamani.

Lakini kisanduku hakikuokoi. Tangu 2022 hakimu anaagiza kampuni za intaneti zizibe njia za wizi, na Arcom, mamlaka ya serikali inayosimamia utangazaji, inaongeza nyingine kwenye orodha. Mwaka 2025 mtandao mkubwa wa Streameast ulifungwa na polisi wa Misri. Siku wakifunga mtambo unaokulisha wewe, aliyekuuzia atakujibu nini? Hana risiti, hana ofisi.

Kuna vya halali vya bure, lakini havitoshi kuendesha ukumbi. Kombe la Dunia la Klabu la 2025 DAZN walionyesha mechi zote 63 bure kwa intaneti. FIFA+, huduma ya FIFA wenyewe, nayo ilianza 2022 ikiwa bure. Ila siku ya Liverpool na City hakuna atakayekupa bure.

Mama_Ruashi
Miye nasoma tangu juu, kuna kitu kimoja kinanisumbua. Kwa nini Jumamosi? Mtu anayeomba ushauri hapewi tarehe. Yaya, umeshalipa?

Mlango_Katuba
Nimetoa akonti tu, malipo ya kutanguliza.

Mama_Ruashi
Ngapi?

Mlango_Katuba
250. Jumamosi analeta vifaa, namalizia 200. Tafadhali msinirukie. Akonti ni jambo la kawaida katika biashara. Ningengoja, bei ingepanda, ana wateja wengine Kampemba. Na dekoda moja tayari nimepata mtu wa kuichukua.

Mama_Ruashi
Wewe unasema abonema inakukaba. 250 ilitoka wapi?

Kunguru_Kamalondo
Mama, hayo ni ya nyumbani kwake.

Mama_Ruashi
Ameyaleta uwanjani mwenyewe.

Mlango_Katuba
Sawa. Niko mtunza sanduku wa likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ya bamama wa avenue yetu. Feza ilikuwa imelala pale inangoja zamu ya mwezi huu. Sikuiba. Nimeiazima, ukumbi ukijaa wikendi mbili inarudi kabla mwenye zamu hajaomba. Mke wangu anajua nina mpango, hajui sanduku. Ningekwenda benki wangeniomba karatasi ambazo mtu wa Katuba hana. Niliangalia watoto wangu nikaamua.

Papa_Likasi
Mwanangu, likelemba haina polisi wala hakimu. Inasimama kwa sababu kila mama anaamini feza yake iko pale aliyoiacha. Hukuazima kwao, kwa kuwa hawakukubali.

Mama_Ruashi
Papa amesema. Miye zamu yangu ilikuwa ada ya shule ya mtoto wa marehemu dada yangu. Ningefika nikute sanduku tupu eti kwa ajili ya Arsenal? Nani mwenye zamu mwezi huu?

Jicho_Kali
Samahani, ninyi wote mnalishwa. Someni upya. Akaunti ilifunguliwa mwezi huu. Ametaja bidhaa, bei, "picha safi kabisa", mpaka wateja wengine Kampemba. Kesho atatokea mtu wa pili aseme "mimi ninacho, kinafanya kazi, nipe namba". Hili ni tangazo la visanduku, na bamama wa likelemba wamewekwa ili muumie roho. Hakuna ukumbi.

Cheminot_Damu
Hata miye nilishangaa. Mwenye ukumbi anayefikiria intaneti angeanza na swali la kuchelewa kwa picha. Hajalitaja hata mara moja.

Kunguru_Kamalondo
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Lupopo. Atuonyeshe picha ya ukumbi.

Mlango_Katuba
Picha siweki, sanduku nimeshalitaja na uso wa ukumbi wangu unajulikana. Nitawaambia kitu ambacho muuza visanduku hawezi kuwaambia.

Kuchelewa nakujua kuliko ninyi. Mlango wa tatu kutoka kwangu kuna baa yenye antena. Siku moja niliazima simu ya mpwa wangu nikaiunganisha kwenye televisheni kubwa, dekoda ilikuwa imeisha abonema. Mechi iko sifuri kwa sifuri, mshambuliaji yuko katikati ya uwanja, bado anakokota mpira. Baa wakapiga kelele. Ukumbi mzima ukageuka kutazama ukuta. Kijana mmoja aliyekuwa amebeti simu yake ikatetemeka mfukoni, akaitoa, akasema kwa sauti ya chini: "Ni goli." Kwenye televisheni mpira haujafika hata boksi. Tukakaa tunangoja goli ambalo kila mtu analijua. Lilipofika, hakuna aliyesimama. Wawili walidai kiingilio, nikawarudishia. Ndiyo sababu silali. Nilimuuliza yule mtu kuhusu hilo, akasema kisanduku chake hakicheleweshi.

Fundi_Antena
Jicho_Kali, mwache. Huyu ana ukumbi. Muuzaji hatoi hadithi inayoua bidhaa yake.

Mlango, hicho kisanduku kinachelewa, hakuna namna. Antena inapokea ishara moja inayoshuka kwa wote kwa wakati mmoja, inachelewa sekunde chache. Kwenye intaneti picha inakatwa vipande, kila mtazamaji anatumiwa vyake, na kifaa kinahifadhi kadhaa kwanza ili kisigande. Huduma za halali zenyewe mara nyingi zinachelewa nusu dakika. Ya wizi inachukua picha ambayo tayari imechelewa kwa mtu mwingine, inaituma upya. Karibu na baa yenye antena utaaibika kila goli.

Jicho_Kali
Sawa, naondoa neno "hakuna ukumbi". La akaunti mpya bado nalishikilia.

Dada_Texas
Kaka, ukumbi wako unauza ile sekunde watu wanasimama pamoja. Hawa wenye intaneti wanamuuzia mtu mmoja na kioo chake. Hata huku baa za michezo bado zinalipia leseni za biashara, ghali, kwa sababu hiyohiyo.

Mlango_Katuba
Nimewasikia. Lakini nikibaki na antena gharama iko palepale, na wale vijana bado wako ukutani.

Fundi_Antena
Baki na dekoda moja, buke yenye mechi wanazozililia watu wako. Ya pili izime miezi ya likizo ya ligi. Na uliza abonema ya biashara, usikatae kabla ya kusikia bei. Yule mtu usimkatae kwa simu. Mwambie 200 anaipata baada ya kukuonyesha mechi moja kubwa moja kwa moja, ukumbini kwako, baa ikiwa imefunguliwa.

Mlango_Katuba
Nimempigia sasa hivi. Anasema Jumapili jioni ana shughuli za familia, aje Jumatatu.

Mama_Ruashi
Basi umepata jibu. Dekoda yako usiiuze, na akonti uidai leo kukiwa na rafiki aliyemleta. Na sanduku?

Mlango_Katuba
Rafiki nakwenda naye jioni hii. Zamu ni tarehe 30. Mwenye zamu ni mama mzee anayeuza munkoyo, kile kinywaji, hapa kwetu. Nitamwambia kabla ya kumwambia mke wangu.

Mama_Ruashi
Hapana yaya. Anza na mke wako, ndipo muende wawili kwa huyo mama.

Cheminot_Damu
Na Jumapili mechi itaonyeshwa kwa dekoda gani?

Mlango_Katuba
Ileile. Jenereta ina mafuta. Na Lupopo waingie tu, benchi la nyuma ni lao.