Msaada: nguo za kuwindia zinaniharibikia gereji

Kutoka: mwana wa Makete, Minnesota

Kamwene ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Huu utakuwa msimu wangu wa tatu kwenda kuwinda kulungu na wenzangu wa kazini. Nilianza kwa kufuata mkumbo, sasa naupenda, na nyama hutufikisha mpaka mwezi wa nne. Shida yangu haiko porini, iko nyumbani. Mama watoto hataki zile nguo ziingie ndani, nami namwelewa, kwa hiyo zinakaa gereji: koti zito, suruali, buti za mpira, soksi za sufu na kizibao cha rangi ya machungwa ambacho sheria ya huku inatutaka tuvae msimu wa bunduki.

Jana nimefungua begi nianze kujiandaa kwa Novemba. Soksi zimetobolewa, ndani ya buti moja panya amejenga kiota, na koti linanuka petroli ya mashine ya kukatia nyasi. Harufu hiyo ilinikosesha mwaka jana pia. Mzee mmoja tunayewinda naye alisogea karibu yangu alfajiri, akasema leo hutaona hata mkia. Kweli sikuona.

Mnaotumia gereji mnahifadhije? Koti la zamani nimeshalitia kwenye pipa la kutuma nyumbani, baba atalivaa. Baridi ya Makete mwezi wa saba mnaijua.

---

Kutoka: dada wa Tukuyu, Wisconsin

Mdogo wangu, ugonile. Kabla ya yote, hicho kiota usikiguse kwa mkono mtupu na usikifagie. Baadhi ya panya wa porini wa Marekani hubeba virusi vya hanta, na mtu huambukizwa kwa kuvuta vumbi lenye mavi na mkojo wao. Fungua mlango wa gereji nusu saa hewa ipite. Vaa glovu. Changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo kumi, lowesha pale vizuri, ngoja dakika tano, kisha futa kwa karatasi na ufunge kwenye mfuko mbili mbili. Buti hiyo itupe. Mimi ni muuguzi, na ugonjwa huu nauogopa.

Ukimaliza, zunguka gereji na tochi. Tundu la unene wa penseli linamtosha panya mdogo kupita. Ziba kwa stiliwaya ile ya kusugulia masufuria, maana panya haitafuni, na utazame mpira wa chini ya mlango kama haujaliwa pembeni. Chakula cha mbwa na mbegu za ndege visikae humo kwenye mifuko ya karatasi. Hivyo ndivyo vinavyomwita.

---

Kutoka: kaka wa Mafinga (nimerudi nyumbani)

Marahaba mdogo wangu. Dada amesema la muhimu kuliko yote, fanya hilo kwanza.

Nimeishi Michigan miaka 19 na nimewinda karibu yote, nguo zikiwa gereji. Niliharibu vitu vingi kabla sijaelewa kwamba gereji ya huko inatesa nguo kwa njia mbili, harufu na maji.

Nianze na maji. Sakafu ya zege huvuta unyevu kutoka ardhini. Gari linaingia na theluji, inayeyuka usiku kucha, na gereji isiyo na joto inabaki na hewa nzito. Kiangazi nako hewa ya moto yenye unyevu inakutana na sakafu baridi, inatoa jasho. Begi la kitambaa ulilolaza sakafuni linakunywa yote hayo. Bibi yangu hakuwahi kuweka kihenge chini. Kilisimama juu ya magogo, hewa ikipita na panya akihangaika. Fanya vivyo hivyo: rafu ya chuma, chombo cha chini kabisa kiwe juu ya sakafu angalau urefu wa shubiri mbili, na rafu isigusane na ukuta wa nje.

Nguo zenyewe uzifue msimu ukiisha, usingoje mwingine uanze. Nondo wa sufu hupenda palipo na jasho na mafuta ya mwili, soksi safi hawaivamii sana. Tumia sabuni isiyo na manukato wala vile viungo vya kung'arisha weupe. Kulungu haoni rangi nyekundu na ya machungwa kama sisi, ndiyo maana kizibao chako hakimshtui, lakini upande wa bluu anaona vizuri sana, na sabuni za kung'arisha huiwasha nguo upande huohuo. Dawa ya kulainisha nguo usitie kabisa. Inaacha harufu na inaua uwezo wa koti kukataa maji.

Kisha kausha. Hapa ndipo wengi tunaharakisha. Nguo ikikuonekea kavu, iache ianikwe siku moja zaidi, kwa sababu mishono na mifuko ya ndani hukauka mwisho. Ukifunga unyevu kidogo ndani ya boksi la plastiki, utafungua mwezi wa kumi ukute kuvu. Nakuandikia kutoka Mafinga, ambako ukungu wa asubuhi unaingia hadi kabatini na viatu vya ngozi visipovaliwa vinaota meupe, kwa hiyo somo hili ninaliishi mpaka leo.

Zikikauka, boksi gumu la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana. Panya hutoboa mfuko wa nailoni kwa dakika chache, boksi gumu humchosha. Ndani tia vipakiti vya kunyonya unyevu. Mimi nilikuwa naongeza majani makavu na vijiti vya misonobari kutoka palepale ninapowinda, nguo zinakuja na harufu ya pori lao. Naftalini usitumie: ni sumu kwa watoto, na harufu yake haitoki msimu mzima. Boksi hilo liwe mbali na petroli, rangi, mbolea na matairi.

Buti za mpira zijaze magazeti zisivunjike shingo, uzisimamishe mahali pasipo jua, mbali na tanuri la kupasha nyumba na mota za umeme, maana mpira hupasuka. Tochi na kamera za porini zitoe betri. Mkanda wa kujifunga usianguke unapovizia juu ya mti uutazame uzi kwa uzi. Ukiwa umemwagikiwa petroli au umefifia kwa jua, ununue mwingine. Bunduki na risasi zisikae gereji hata siku moja. Ndani, kwenye sanduku la chuma, risasi zimefungiwa kwingine, na bunduki isilale kwenye mfuko wake wa sponji, itashika kutu.

Sasa lile pipa. Koti hilo lina madoa ya majani na miti? Kama ndivyo, litoe leo. Huko ni nguo ya kawaida ya dukani, hapa kwetu raia kuvaa nguo inayofanana na sare ya jeshi ni kosa. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wasalimishe nguo za namna hiyo. Mzee wako akiteremka nalo sokoni asubuhi ya baridi, atakayemsimamisha hatamuuliza kama mwanawe anawinda kulungu. Tuma koti jeusi, la kahawia, la bluu, lolote lisilo na madoa.

---

Kutoka: mwana wa Makete, Minnesota

Ndaga fijo dada, na kaka asante sana. Lilikuwa la madoa. Pipa lilikuwa limeshafungwa kwa utepe, nimelifungua usiku huuhuu, na mama watoto ametoa koti lake jeusi la zamani tukaliweka badala yake. Kiota nimeondoa kwa jiki kama ulivyoelekeza, dada, na nimekuta tundu nyuma ya bomba la maji. Kesho napitia dukani kuchukua maboksi matatu na rafu. Kaka, nina swali moja: soksi za sufu zilizobaki zinaonekana nzima, ila naogopa mayai ya nondo. Nizichome?

---

Kutoka: kaka wa Mafinga

Usichome. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki, zikae kwenye friza la nyama nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha uzifue. Mzee msalimie.